Namna ya Kuliharibu Gitaa

Jaribio la tatu la kuliharibu gitaa lilishindikana saa nne na robo asubuhi, mbele ya watu kumi na saba waliokuja kunywa uji.

Mwinshehe aliweka bisibisi juu ya benchi, akajifuta vidole kwa kitambaa, akawatazama. Walikuwa wamejazana mlangoni mwa karakana ya umeme, vikombe vya bati mikononi, na hakuna aliyekuwa anakunywa. Wawili walikuwa wakitikisa vichwa. Mlinzi wa geti alikuwepo pia, maana yake geti lilikuwa peke yake.

"Hapo hapo, fundi," mlinzi alisema. "Usiguse tena."

Benedikto alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, gitaa mapajani, macho ameyafumba. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda vyenyewe. Alikuwa amesahau kabisa kwamba sauti ile ilitakiwa iwe mbaya.

Mwinshehe akavuta daftari lake, akaandika kwa mwandiko wake wa kusimama wima: *Jaribio la 3. Halikufaa. Sauti nzuri.* Kisha akawaomba watu wakamalizie uji kwingine.

Ilikuwa mwaka tisini na tatu, mwezi wa nane. Kiwanda cha masufuria pale Chang'ombe kilikuwa kimezima mashine tangu mwezi wa tano, lakini wafanyakazi walikuwa bado wanakuja kila asubuhi, wanasaini daftari la mahudhurio, wanakunywa uji, wanakaa kivulini kungojea barua. Barua zilikuja kwa idara. Idara ya vifuniko, alikofanya kazi Benedikto, ilikwisha kupata. Idara ya umeme, yaani Mwinshehe na benchi lake, ilikuwa ya mwisho, kwa sababu lazima abaki mtu wa kuzima taa.

Tangazo lilibandikwa ukutani karibu na jiko. Mali zote za kiwanda zingehakikiwa na kamati kutoka wizarani. Vifaa vizima vingeuzwa kwa zabuni. Vifaa vibovu, mfanyakazi anayevitaka angeandika barua, na akikubaliwa angechukua. Katika orodha ya mali, baada ya mizani na kabla ya meza za ofisi, vilikuwepo vyombo vya Masinia Jazz.

Bendi hiyo ilianzishwa zamani, wakati ambapo kiwanda kisicho na bendi kilionekana kama nyumba isiyo na choo. Tarumbeta zilikwisha kufa. Ngoma zilichanika, zikashonwa, zikachanika tena pembeni mwa mshono. Kilichobaki ni amplifaya moja na gitaa la umeme la rangi nyekundu, ambalo Benedikto alilipiga kwa miaka ishirini na miwili, mpaka rangi ikaisha pale alipoegemeza kiwiko. Hakuwahi kuwa na gitaa lake mwenyewe, wala hakuwahi kufikiria kwamba hana. Siku alipopata barua ya kupunguzwa ndipo alipogundua kwamba kitu anachokijua kuliko kitu chochote duniani kimepigwa namba ya kiwanda mgongoni kwa rangi nyeupe.

Halafu akaja mtu wa hoteli moja ya ufukweni. Alilitazama, akaligonga kwa kidole kama anayenunua tikiti maji, akasema angelingoja kwenye zabuni. Lingependeza ukutani, nyuma ya kaunta.

Mchana ule ule Benedikto alikwenda karakana. Fomu ya kila kifaa ilitakiwa isainiwe na fundi, na kwa vyenye umeme fundi alikuwa mmoja tu.

"Mtani," alimwambia, "andika bovu."

Mwinshehe alimweleza kwamba si bovu. Benedikto akasema anajua, yeye ndiye anayelipiga. Alichokuwa anaomba ni neno moja lenye herufi nne. Mwinshehe akaishika kalamu, akaiweka tena. Alikuwa na miaka ishirini na sita ya kusaini fomu, na hakuwahi kuandika kisichokuwepo. Hakujivunia jambo hilo. Alilichukulia kama mtu anavyochukulia goti linalouma. Akijaribu kuandika uongo, mkono ulichelewa, na wino ukaacha doa.

"Nyie Wazaramo," Benedikto alisema, "hii nchi yote mmeigawa viwanja bila kuandika kitu. Leo kalamu imekuwa nzito?"

"Babu yako alibeba pembe za watu kutoka Tabora mpaka hapa Pwani," Mwinshehe alimjibu kwa upole, "na hakuiba hata moja. Wewe gitaa moja linakushinda."

Lakini hakulala vizuri siku hiyo. Alimfikiria Benedikto bila gitaa, na kilichomjia akilini ni mgonga vifuniko mwenye miaka hamsini na moja, amekaa barazani, mikono haijui pa kwenda. Kesho yake alikuja na mpango. Hangevunja kitu chochote, wala hangeandika uongo. Angelifungua gitaa na kubadilisha mambo ya ndani, moja baada ya jingine, mpaka litoe sauti mbaya kweli. Siku ya kamati angeandika alichokisikia. Baadaye angerudisha kila kitu mahali pake.

Benedikto alisema huo ni mzunguko mrefu wa kufika mlango wa pili. Mwinshehe akasema ndiyo njia anayoijua.

Alimweleza kazi ilivyo, kwa sababu hakupenda kufanya jambo mbele ya mtu asiyelielewa. Gitaa la umeme, alisema, watu wanadhani ni mbao. Mbao inabeba tu. Chini ya nyuzi kuna visanduku viwili vyembamba. Yeye aliviita masikio. Ndani ya kila sikio kuna sumaku, na sumaku imezungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana unaamka ndani ya waya, unapita kwenye volyumu, unapita karibu na kapasita inayoamua ukali wa sauti, unatokea kwenye tundu, unaingia kwenye amplifaya. Ukigusa chochote katika njia hiyo, sauti inabadilika.

Hakufundishwa na mtu. Alijifunza mwaka sabini na tisa, sikio la nyuma lilipokufa, na Dar es Salaam nzima hapakuwa na mtu wa kuuza jingine. Wakati huo hata sabuni ilikuwa habari. Alilizungushia upya mwenyewe, kwa mashine ya kutobolea ya mkono, akihesabu kwa midomo. Tangu hapo sauti ya gitaa ilibadilika. Ilitoka kali na nyepesi, ikapenya katikati ya tarumbeta na maneno ya watu, ikaruka ukuta wa kantini. Watu wa Temeke wakipita barabarani Jumamosi walisema, leo Masinia wapo. Benedikto hakulitumia tena sikio la mbele. Kila mtu alimsifu Mwinshehe, naye kila mara aligeukia kitu kingine cha kufanya.

Jaribio la kwanza lilikuwa kapasita kubwa. Mwinshehe aliitoa ndogo, akaweka moja aliyoitoa kwenye feni yake ya nyumbani, yenye ukubwa wa kidole gumba, akitegemea kwamba ingemeza ukali wote wa sauti na kuacha matope. Ikawa kama alivyotarajia: sauti ilitoka nzito, imefunikwa, kama mtu anayeongea na shuka mdomoni. Benedikto aligonga uzi mmoja kwa dharau. Akaugonga tena, polepole. Akateremka kwenye nyuzi nene. Dakika kumi baadaye Bi Somoe wa stoo alitokeza kichwa, kanga begani, akauliza nani kaleta udi wa taarabu, na kama kuna harusi mbona yeye hakualikwa.

Jaribio la pili lilikuwa la ujanja zaidi. Aligeuza nyaya za sikio moja, za kushoto kulia na za kulia kushoto, ili masikio mawili yakisikia jambo moja yapingane. Yalipingana. Sauti nzima ikafutika, ikabaki ngozi tu ya sauti, nyembamba, ya puani. Mwinshehe alitabasamu. Kisha mpishi wa uji akatoka jikoni akiwa na upawa, akasimama uwanjani, akaanza kuzungusha mabega, akisema kwao wakati wa mavuno zumari lilikuwa linalia hivyo hivyo.

La tatu, aliyaunga masikio kwa mfuatano, moja likimwagia jingine, akitumaini yangeelemeana. Badala yake gitaa likanguruma kwa sauti nene iliyotikisa vikombe, na ndipo mlinzi akaacha geti.

"Tatizo lako," Benedikto alimwambia watu walipoondoka, "unaharibu vizuri mno."

Mwinshehe alilifikiria hilo kama fundi. Kila kosa aliloweka, gitaa lililipokea, likalifanya sauti. Mashine ya kukunja bati ukiikosea waya mmoja inaungua. Pampu inarudisha maji. Gitaa lilikuwa kama mtu anayepewa chakula cha ajabu na kusema ahsante. Hakujua kama alichukie au aliheshimu. Akaandika katika daftari: *Kuunganisha makosa yote pamoja.*

Jaribio la nne likachukua siku nzima. Aliweka kapasita kubwa. Aligeuza nyaya. Aliyateremsha masikio yote mawili kwa bisibisi, mbali na nyuzi, yasikie kwa shida. Mwisho akafunga volyumu ya redio ndogo ya mfukoni, isiyofaa kabisa, ambayo ingeuvujisha ule umeme mdogo kabla haujafika mlangoni. Saa tisa Benedikto akapiga.

Sauti ilitoka ndogo, imekwaruza, inatokea mbali. Ilikuwa kama mzee anayesimulia jambo huku analala. Benedikto alikunja uso kama aliyeuma ndimu, na Mwinshehe akamshika bega kwa furaha. Wakacheka. Wakamwita Bi Somoe aje athibitishe, kwa sababu alikuwa mwanamke mwenye ukweli.

Bi Somoe alisikiliza akiwa amesimama. Halafu akavuta stuli, akakaa, akajifuta macho kwa pindo la kanga. Aliwaomba radhi. Ile sauti, alisema, ni ya marehemu mumewe akiimba bafuni.

Hata hivyo waliona itatosha. Marehemu hakuwa amewahi kufanya kazi wizarani.

Kamati ilikuja siku ya Jumatano, nayo ilikuwa mtu mmoja. Wenzake wawili, alieleza, walikuwa kwenye kamati nyingine. Aliitwa Elinaza, mtu wa Upareni, mrefu, mwenye miwani na chupa ya chai aliyoiweka pembeni mwa meza ikiwa imefungwa kwa taulo dogo. Katika meza ya kantini alipanga fomu, kalamu mbili na rula ya mbao. Kabla ya kuandika alipiga mstari kwa rula. Baada ya kuandika alipiga mwingine. Mwinshehe alimpenda papo hapo, na jambo hilo likamsumbua.

Wafanyakazi walikaa kwenye mabenchi kama watu waliokuja msibani mapema. Walianza na mizani, kisha feni, kisha amplifaya na spika zake. Elinaza aliuliza kama inafanya kazi. Benedikto, ambaye alikuwa amekuja na uchangamfu wa kupindukia ili asionekane na hila, akasema inafanya kazi vizuri sana, akaiwasha, taa nyekundu ikawaka, spika ikapumua. Elinaza akatia alama, akapiga mstari.

"Gitaa," akasoma. "Moja."

Benedikto akachomeka waya, akapiga. Ile sauti ya mzee mwenye usingizi ikatambaa ukumbini. Alipiga hovyo, kwa makusudi, na uso wake ukaonyesha huzuni kubwa. Bi Somoe aliangalia dirishani.

Elinaza alisikiliza, kalamu ikiwa hewani. Kisha akasema, "Linalia."

Mwinshehe akasimama. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu alfajiri. Alieleza kwamba kulia linalia, lakini mheshimiwa mwenyewe amesikia, sauti si nzuri, haina nguvu, haiwezi kufaa kwa shughuli yoyote ya bendi. Aliyasema yote bila kusitasita, kwa sababu yote yalikuwa kweli.

Elinaza alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akaigeuza fomu ili Mwinshehe aione, akamwekea rula chini ya mstari. Palikuwa na visanduku viwili. *Kinafanya kazi. Hakifanyi kazi.*

"Nzuri haipo, fundi," alisema kwa upole. "Wala mbaya haipo. Na mimi mwenyewe sina sikio la muziki. Kanisani kwetu nimeombwa niwe nafungua mdomo tu."

Watu walicheka kidogo, wakaacha.

"Kinafanya kazi?"

Mwinshehe alitazama visanduku vile. Siku nne za bisibisi, kapasita na nyaya zilikuwa hazina mahali pa kuandikwa. Alimtazama Benedikto, ambaye hakuwa tena na huzuni ya kuigiza usoni. Alikuwa anamtazama tu, mkono mmoja juu ya nyuzi, kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara.

Jibu lilikuwa neno moja. Mwinshehe alisikia mkono wake unakuwa mzito kabla hata hajashika kalamu.

"Kinafanya," akasema.

Benedikto akaliinamisha gitaa, akaliegemeza kwenye amplifaya. "Haya, mtani," alisema. Hapakuwa na utani wowote ndani yake.

Elinaza akatia alama, akapiga mstari, akashuka. Fomu ilikuwa na vipengele tisa na hakuwa mtu wa kuruka. Namba ya kifaa. Rangi. Mwaka wa kununuliwa. Mwinshehe alijibu kimoja kimoja, akitamani viishe. Kipengele cha saba kilitaka vipuri vilivyobadilishwa, na namba ya hati ya stoo kwa kila kipuri.

"Hati hakuna," Bi Somoe alisema kutoka dirishani. "Stoo yangu haijawahi kutoa kipuri cha gitaa. Mimi nilikuwa na vishikio vya sufuria."

"Basi halijawahi kubadilishwa kitu," Elinaza alisema.

"Limebadilishwa," Mwinshehe akasema.

Hakuwa na hila yoyote kichwani. Aliulizwa, akajibu, kama alivyojibu mwaka na rangi. Alieleza kwamba volyumu alizitoa kwenye redio ya nyumbani kwake, mwaka themanini na moja, isipokuwa hii moja ya sasa, ya redio yake ya mfukoni. Tundu la waya lilitoka kwenye gramafoni ya shemeji yake, Tandale. Kapasita, ya zamani na ya sasa, zake. Nyaya zote za ndani alizichomoa kwenye pasi ya nguo ya mama yake, Mungu amrehemu. Swichi ilikuwa ya kengele ya mlangoni kwake.

"Na lehemu?" Elinaza aliuliza. Alikuwa ameacha kuandika.

"Lehemu nilinunua mimi."

"Endelea."

Akafika kwenye sikio la nyuma. Hapo alisita, kwa sababu hilo hakuwahi kumwambia mtu. Alisema waya aliupata jalalani, ndani ya kengele ya simu iliyotupwa. Alikusudia mizunguko elfu nane kama ilivyokuwa mwanzo. Waya ukaisha kwenye elfu tano na mia mbili. Hapakuwa na mwingine. Akafunga hivyo hivyo, akarudisha, hakusema. Ile sauti nyepesi ambayo watu waliisifu miaka yote, alisema akitazama rula, haikuwa ufundi. Ulikuwa upungufu.

Benedikto alikuwa amegeuka.

"Miaka kumi na minne," akasema taratibu, "napigia kengele ya simu."

"Waya wake tu," Mwinshehe akamrekebisha.

Mtu mmoja nyuma akapaliwa na cheko. Lakini Elinaza hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa taulo la chupa ya chai, akaivaa tena, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona nyoka chini ya kitanda cha mgeni. Alieleza kwa sauti ya chini, kana kwamba wakaguzi walikuwa nje. Kifaa cha umma kina ndani yake mali ya mtu binafsi, bila hati. Kikiuzwa, serikali itakuwa imeuza redio ya fundi, gramafoni ya shemeji wa fundi, na pasi ya marehemu. Hiyo ni hoja ya ukaguzi. Alikwisha kumwona mtu aliyesimamishwa kazi kwa ajili ya mlango wa friji.

"Toa chako," alimwambia Mwinshehe. "Chote. Cha kiwanda kibaki."

Mwinshehe alikuwa ameshalifungua gitaa mgongo na pasi ya kulehemu inaanza kupata moto ndipo maana ya maneno yale ilipomfikia. Alisimama akiwa ameshika koleo. Aliinua macho, yakakutana na ya Benedikto, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane wote wawili waliogopa kusema chochote.

Kazi ilichukua dakika arobaini. Alitandaza gazeti juu ya meza, akaweka juu yake kitu kimoja kimoja, na kila kimoja Elinaza alikiandika, akapiga mstari. Volyumu. Swichi. Tundu. Kapasita kubwa kama kidole gumba. Koili ya sikio la nyuma, ambayo Mwinshehe aliichomoa kwa pumzi iliyobanwa, kwa sababu waya wake ungeweza kukatika kwa kutazamwa. Sumaku yake ilikuwa ya kiwanda, ikarudi. Sikio la mbele lilikuwa la kiwanda lote, pamoja na nyaya zake mbili fupi, na hapo kukatokea swali la mahali nyaya za kiwanda zilipoishia na za pasi zilipoanzia. Elinaza alipima kwa rula. Inchi moja na robo.

Gitaa lilibaki na tumbo tupu. Matundu yake yalikuwa wazi, nyuzi zimekaza juu ya kisanduku kisichounganishwa na kitu.

"Tujaribu," Elinaza akasema.

Benedikto alishika waya wa amplifaya, akatafuta pa kuchomeka. Hapakuwepo. Elinaza akanyoosha mkono mwenyewe, kwa uangalifu wa mtu asiyezoea, akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi. Zikatoa mlio mdogo, mkavu, kama kijiko kikianguka chumba cha pili. Mlio, hata hivyo.

Benedikto alifumba macho.

"Huku ni kulia?" Elinaza aliuliza.

Mwinshehe alilipima swali. Alijiuliza kama kuna mahali popote ndani yake palipokuwa pakimsukuma kusema uongo, akapekua vizuri, hakupaona. "Gitaa la umeme kazi yake ni kulia kwenye spika," akasema. "Hili haliwezi."

"Hakifanyi kazi?"

"Hakifanyi."

Elinaza akafuta kwa wembe alama ya kwanza, akatia ya pili, akaandika herufi za jina lake pembeni kuthibitisha masahihisho. Mwinshehe akasaini. Wino ulitiririka vizuri, haukuacha doa.

Barua ya Benedikto ilijibiwa Ijumaa, aya mbili, mhuri mmoja. Mlinzi alilikagua gitaa getini kwa dakika nzima, akalinganisha namba ya mgongoni na ya kibali, kisha akalipigia saluti.

Jumapili baada ya misa walikutana uani kwa Benedikto, Tandika. Mwinshehe alikuja na vitu vyake ndani ya kopo la maziwa, kila kimoja kimefungwa karatasi. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, kwa hiyo pasi ya kulehemu, ile ya zamani ya shaba, waliichomeka kwenye makaa, na Jovina mke wa Benedikto akasogeza sufuria ya maharage ili kuipa nafasi. Alimuuliza Mwinshehe hiyo risasi inayoyeyuka ina ladha gani, ajue mapema.

"Haina ladha, shemeji."

"Basi usimwage."

Mwinshehe alimuuliza Benedikto anataka sauti ipi. Ya udi ipo, ya zumari ipo, ya kunguruma ipo. Sasa waya mwembamba unapatikana madukani Kariakoo, hata elfu nane zinaweza kutimia. Benedikto alikaa akifikiri, kidevu juu ya gitaa tupu. Aliitaka ya Jumamosi, akasema. Elfu tano na mia mbili. Lakini kama kuna namna ya kuweka swichi ya pembeni ya ile sauti ya bafuni, kwa ajili ya Bi Somoe atakapokuja, fundi asiache kuiweka.

Walifanya kazi mpaka alasiri. Makaa yalipooza, yakapepewa. Watoto wa jirani walichungulia, wakafukuzwa, wakarudi. Mwinshehe aliunga kiungo cha mwisho, akakipuliza, akafunga skrubu nne za mgongo, akampa mwenyewe. Benedikto akasimama, akavaa mkanda begani. Akachukua waya, akachomeka ncha moja kwenye gitaa, akashika ncha ya pili, akageuka kushoto. Akageuka kulia.

"Mtani," akasema. "Amplifaya."

Mwinshehe alikumbuka taa nyekundu ikiwaka, spika ikipumua, na alama nzuri ya kalamu, na mstari ulionyooka. *Inafanya kazi vizuri sana.* Hakuna kati yao aliyekuwa ameifikiria hata mara moja.

Jovina ndiye aliyecheka kwanza. Ilimbidi akae chini. "Wanaume wazima wawili," alisema alipoweza kusema, "mmeiba farasi kwa adabu zote, mkasahau kwamba hana miguu."

"Hatukuiba," Mwinshehe alisema.

Alikuwa tayari anatazama dirishani, ambapo redio ya Jovina ilikuwa inaongea peke yake: redio kubwa ya mbao, ya betri, ya zamani. Redio za namna ile, alijua, nyuma zilikuwa na matundu mawili ya kuingizia gramafoni. Alikwenda, akaigeuza kidogo. Yalikuwepo, yamejaa vumbi. Akayapuliza, akamenya ncha ya waya kwa meno, akaipinda.

"Weka chini," Jovina alisema. "Ni vifo hivyo."

Basi wakangoja. Msomaji wa matangazo alikuwa anasoma kwa sauti yake ya polepole, jina la marehemu, jina la mtoa habari, kisha majina ya ndugu, wa Morogoro, wa Kigoma, wa Nachingwea, popote walipo. Jovina alikuwa ameinua mkono mmoja, mwiko ukiwa ndani yake, akisikiliza kama kuna anayemjua. Mwinshehe alisimama dirishani na waya ukiwa upana wa ukucha kutoka kwenye tundu. Benedikto alikuwa amekwisha kubana nyuzi kwa vidole vya kushoto, na mkono wa kulia ulikuwa hewani, umetulia, wakati msomaji akigeuza karatasi.